MAIKI IKIZIMA, UNAMWAMBIA NINI MUNGU?



Neno la leo nimelizungusha moyoni kwa wiki kadhaa kabla ya kuliandika, kwa sababu linanihusu mimi kwanza. Sisi wachungaji tunapenda kutoa ushuhuda ambao mwisho wake tunaonekana vizuri. Huu si wa aina hiyo. Lakini nimeona nisipouandika, nitaendelea kuwafundisha watu ukaribu na Mungu kwa maneno niliyoyasoma chuo cha Biblia, na si kwa kile alichonitendea Bwana mwenyewe.

Nianze na swali. Ni lini mara ya mwisho uliongea na Mungu mahali ambapo hakuna mtu mwingine aliyekusikia, ukamwambia jambo ambalo hungependa mtu mwingine alisikie? Usinijibu mimi. Weka jibu lako moyoni, tutalirudia.

Ilikuwa Ijumaa ya mwisho ya mwezi, kesha yetu ya kawaida hapa Naitiri, wakati ule mahindi yanaanza kuchomoza na mvua inanyesha karibu kila usiku. Wapendwa walikuwa wamekuja kutoka Ndalu, Tongaren, na wengine kwa boda boda kutoka upande wa Kiminini. Kanisa lilikuwa limejaa. Nilishika maiki saa sita usiku nikaanza kuongoza maombi, na wale wanaonijua wanajua nikianza huwa sishuki haraka. Tuliombea familia, tukaombea vijana, tukafunga na kufungua, watu wakalia, wengine wakaanguka. Sauti yangu ilikuwa imekauka lakini nilijisikia niko karibu sana na Mungu.

Saa nane usiku stima ikapotea. Jenereta ilikuwa kwa fundi. Spika zikanyamaza, taa zikazima, na tukabaki na kelele ya mvua juu ya mabati. Wewe unajua mvua ya huku ikipiga mabati, hata mtu aliye karibu yako humsikii. Nikapaza sauti, mvua ikaimeza. Watu wakaendelea kuomba kila mmoja mahali pake, na mimi nikabaki nimesimama madhabahuni gizani, maiki iliyokufa iko mkononi.

Nikasema, "Baba." Nikasema tena, "Baba." Halafu nikakosa la kusema.

Mpendwa, nilikuwa nimeomba kwa saa mbili mfululizo. Lakini watu walipoacha kunisikia, sikuwa na sentensi hata moja ya kumwambia Mungu. Nilijaribu maneno yale ninayoyatumia siku zote, yakawa kama gunia tupu. Nikashuka taratibu, nikapita kati ya viti nikitafuta mahali pa kukaa, na ndipo nikamsikia kukhu mmoja ambaye huketi karibu na mlango.

Alikuwa anaongea kwa Lubukusu, sauti ya chini, kama mtu anayeongea na jirani kupitia kwenye ua. Nilikaa benchi ya nyuma yake. Sikukusudia kusikiliza, lakini niliyasikia. Alimwambia Papa Wele kwamba ng'ombe wake amekataa kula tangu juzi. Alimwambia juu ya mjukuu aliyeenda Nairobi kutafuta kazi na tangu Pasaka hajapiga simu. Alimwambia kwamba asubuhi ile alimtukana mke wa mwanawe, akalitaja lile neno alilomtukania, akasema, "Nikifika nyumbani nitamwambia nimekosa." Kisha akanyamaza. Akanyamaza kwa muda mrefu, na sikuona kama ule ukimya ulimsumbua. Halafu akacheka kidogo, kama mtu aliyeambiwa jambo, akaendelea.

Kwake yeye hakuna kilichozimika. Maongezi yake hayakuwa yanategemea stima.

Ilipokaribia saa tisa stima ikarudi. Nikapanda madhabahuni, nikashika maiki, nikaendelea pale nilipoachia. Watu walibarikiwa, na hakuna aliyejua kitu. Mimi nilijua.

NYUMA YA KELELE KULIKUWA NA MTU

Nilifika nyumbani alfajiri. Mama watoto alikuwa ameshawasha moto wa chai. Niliingia chumbani, nikafunga mlango, nikapiga magoti kando ya kitanda. Nikasema sasa nitaomba kama yule kukhu. Nitanyamaza mbele za Mungu.

Nyumba ilipotulia tu, uso wa ndugu yangu mkubwa ukaja.

Nilisimama haraka, nikachukua simu, nikaweka nyimbo za injili. Hapo ndipo nilipojikamata. Nikajiuliza, hivi nimefanya nini sasa hivi? Na Roho Mtakatifu akanionyesha kwamba hilo ndilo nililokuwa nikifanya kwa miaka miwili. Kila mara kukiwa kimya, uso wa ndugu yangu ulikuja. Kwa hiyo nilihakikisha hakuwi kimya. Niliongeza makesha, nikaongeza mifungo, nikaongeza sauti. Washirika wakasema, "Pasta wetu ni mtu wa maombi." Kumbe pasta wao alikuwa mtu anayekimbia.

Ngoja nikueleze jambo lenyewe. Wengi wenu mnaijua nchi hii ya Naitiri na Tongaren. Ni nchi ya skimu. Wazee wetu walipata mashamba haya miaka ya 1960, yalipokatwa mashamba makubwa ya walowezi, wakalipa mkopo wa ardhi kidogo kidogo kwa miaka mingi. Baba yangu alikuwa mmoja wao. Kabla hajafa aliita wazee, akatugawia wanawe, na mipaka ikawekwa mawe. Hakutuachia neno la kugombania.

Lakini ndugu yangu mkubwa alikuwa anafanya kazi mbali. Mwaka mmoja nilipolimisha kwa trekta, jembe liling'oa jiwe la mpaka upande wa chini. Nililirudisha mwenyewe, kwa macho. Na macho yangu yalinipendelea. Nikapanda miti kufuata pale nilipoweka jiwe. Nilijua. Sitakudanganya kwamba nilikosea tu hesabu. Nilisimama pale shambani, nikaangalia, nikajua jiwe limeingia kwake, nikasema moyoni, "Ni kidogo tu, na yeye hata halimi." Ilikuwa mistari sita ya mahindi, kutoka barabarani mpaka mwisho wa shamba.

Aliporudi akasema mpaka umesogea. Unajua nilimjibu nini? Nilimwambia, "Unamwita mtumishi wa Mungu mwizi?" Nilitumia wito wangu kama ngao. Tukaacha kusalimiana. Mama yetu akawa anakula Krismasi kwa zamu, mwaka huu kwangu, mwaka ujao kwake. Na Jumapili moja nikahubiri juu ya Yusufu aliyechukiwa na ndugu zake. Watu wakasema amina. Katika mahubiri yale mimi nilikuwa Yusufu, na ndugu yangu nikamweka upande wa wale waliomtupa shimoni.

Kwa miaka miwili niliombea kila kitu hapa Naitiri isipokuwa jambo hilo moja. Na hapo ndipo ukaribu wangu na Mungu ulipokwama. Mungu hakuwa amehama. Kulikuwa na chumba kimoja moyoni mwangu ambacho nilikuwa nimekifunga kwa ufunguo, na nilitaka akae sebuleni anywe chai, asiulize habari za chumba kile.

YAKOBO ALIULIZWA JINA

Asubuhi hiyo nilifungua Biblia kwenye Mwanzo 32. Ni sura niliyoihubiri mara nyingi, lakini siku hiyo ndiyo ilinihubiri mimi. Ukipata nafasi isome yote pamoja na sura ya 27 na ya 33.

Angalia Yakobo alivyo. Anarudi nyumbani baada ya miaka ishirini kwa mjomba wake Labani. Mbele yake yuko Esau, ndugu yake aliyemnyang'anya baraka ya baba yao. Ni ugomvi wa ndugu wawili juu ya urithi. Je, si habari ya kwetu hii? Ungeweza kuisikia kwa chifu siku yoyote ya juma.

Sasa uone maombi yake. Mchana anaomba maombi mazuri sana, mstari wa 9 hadi wa 12. Anamkumbusha Mungu ahadi, ananyenyekea, anaomba kuokolewa. Hakuna kosa la mafundisho ndani yake. Lakini lisome tena uone kitu kisichokuwamo. Anasema anamwogopa Esau, lakini hasemi alimfanyia nini Esau. Anaombea matokeo, lakini chanzo anakipita kimya kimya. Kisha anatuma mifugo mbele kama zawadi ili amtulize ndugu yake.

Usiku anabaki peke yake kando ya kijito cha Yaboki. Watu wamevuka, mali imevuka, hakuna wa kumsikia. Hapo ndipo Yule anayeshindana naye anamuuliza jina lake.

Je, Mungu hakulijua jina la Yakobo? Alilijua. Lakini kumbuka mara ya kwanza Yakobo alipotakiwa kusema yeye ni nani ilipohusu baraka. Ni sura ya 27, mbele ya baba yake mzee asiyeona. Siku ile alijibu kwamba yeye ni Esau. Akaipata baraka kwa jina lisilo lake. Sasa miaka mingi imepita, anataka baraka tena, na anaulizwa swali lile lile. Safari hii anasema ukweli. Yakobo. Mshika kisigino. Mimi ndiye.

Mpendwa, baraka ya kweli ilikuja baada ya jina la kweli. Na hilo ndilo neno ninalotaka ulichukue leo: ukaribu na Mungu hauanzi pale unapojifunza kuomba kwa muda mrefu au kwa sauti kubwa. Unaanza pale unapoacha kumwambia Mungu yale unayofikiri anapenda kusikia, ukamwambia ukweli.

MISTARI SITA

Sikuomba chumbani siku hiyo. Nilienda shambani, nikasimama pale penye ile miti. Mahindi yalikuwa yanaanza kuchomoza. Nikasema kwa sauti ya kawaida, "Bwana, nimeiba ardhi ya ndugu yangu. Nimeiba mistari sita. Na ninamchukia kwa sababu anajua." Ndiyo maombi yote. Hayakuchukua hata dakika moja. Hakukuwa na moto, sikunena kwa lugha, sikuanguka. Lakini nililia kwa namna ambayo sikuwa nimelia madhabahuni kwa muda mrefu. Na kile kimya nilichokuwa nikikiogopa kikaja, na safari hii hakikunifukuza. Nilikaa pale chini mpaka jua likatoka vizuri upande wa Naitiri sokoni na mlima Elgon ukaonekana wote.

Kumbukumbu la Torati 19:14 inakataza kusogeza mpaka wa jirani. Nilikuwa nimeifundisha aya hiyo darasani.

Kisha nilienda kwa ndugu yangu kwa miguu. Nilimkuta anarekebisha ua. Nilikuwa nimejiandaa kwa hotuba, na ile hotuba ikanipotea. Nilisema tu, "Kaka, jiwe nililisogeza. Nilijua. Naomba unisamehe."

Ningependa kukwambia kwamba alinikumbatia kama Esau alivyomkumbatia Yakobo. Hakufanya hivyo. Aliendelea kupiga misumari, kama mitatu hivi. Kisha akasema, "Wiki ijayo tuite wazee na mtu wa kupima." Akaniambia nikae, mkewe akaleta chai. Tulikunywa bila kuongea sana. Nilipoondoka akanisindikiza mpaka njiani, na kwetu sisi, mtu ambaye hataki kukuona hakusindikizi.

Wazee walikuja. Kamba ikavutwa. Nilikosea hata katika kukadiria, kwa sababu ilikuwa mistari saba. Nikamwachia na mahindi yaliyokuwa juu yake. Mavuno hayo nilipata magunia machache kuliko mwaka uliotangulia, na ninataka ulisikie hilo kwa sababu siku hizi tumefundishwa kwamba ukitubu lazima Mungu akurudishie mara mia kabla mwezi haujaisha. Shamba langu lilipungua. Jina langu kwa baadhi ya watu lilipungua. Lakini Krismasi iliyofuata mama yetu hakuhesabu zamu. Na usiku ninaweza kunyamaza mbele za Mungu.

Katika Mwanzo 33:10 Yakobo anamwambia Esau kwamba kuuona uso wake ni kama kuuona uso wa Mungu. Zamani nilidhani ni maneno ya adabu tu. Sasa ninajua alikuwa anasema nini. Uso niliokuwa nikiukimbia katika maombi ndio ulikuwa mlango.

WALIOTUTANGULIA WALIJUA SIRI HII

Usifikiri jambo hili ni geni katika Afrika Mashariki. Mwezi wa Septemba 1929, daktari mmoja mmisionari Mwingereza, Joe Church, alifika Kampala kutoka hospitali ya Gahini nchini Rwanda. Rwanda ilikuwa imetoka kupigwa na njaa kali, na yeye alikuwa amechoka mwili na roho. Alikuwa mtumishi, alikuwa akifanya kazi ya Mungu, lakini ndani alikuwa amekauka. Pale kilima cha Namirembe akakutana na Mganda mmoja, Simeoni Nsibambi, ambaye naye alikuwa na kiu. Hawakuitisha mkutano wa hadhara. Walikaa wawili, siku mbili, na Biblia na maombi.

Ndugu yake Nsibambi, Blasio Kigozi, alikuwa anatumika huko Gahini. Alipoona kazi ni baridi, alijitenga kama wiki moja ndani ya nyumba yake, akaomba. Alitoka akiwa mtu mwingine, akihubiri kwamba kanisa liamke. Hakuishi muda mrefu baada ya hapo. Alifariki Januari 1936, lakini moto ule ulikuwa umeshawaka. Ulienea Rwanda, Uganda, na kabla ya miaka ya 1930 kuisha ulikuwa umefika Kenya, kisha Tanganyika. Wale walioguswa wakaitwa Walokole, waliookoka.

Alama yao ilikuwa nini? Waliungama. Watu walirudisha vitu walivyoiba, walilipa madeni ya zamani, waliomba msamaha kwa majirani, mzungu kwa mwafrika na mwafrika kwa mzungu. Walikuwa na neno lao, kutembea nuruni, kutoka 1 Yohana 1:7. Uamsho mkubwa kuliko wote uliowahi kupita katika nchi zetu ulipitia kwa watu wachache waliokaa kimya na Mungu mpaka wakakubali kusema ukweli, kisha wakaenda kurudisha mbuzi wa watu.

Sisi Wapentekoste wa Magharibi nasi tunajivunia historia yetu, tunataja Kaimosi mwaka wa 1927 na Nyang'ori. Ni vizuri. Lakini tusirithi sauti peke yake tukaacha ungamo.

SIPINGI SAUTI

Nisieleweke vibaya. Sipingi maombi ya sauti kubwa. Bartimayo alipiga kelele na Bwana akasimama. Waebrania 5:7 inatuambia Yesu mwenyewe aliomba kwa kilio kikuu na machozi. Lakini Hana, katika 1 Samweli 1, aliomba midomo ikitikisika tu, hata kuhani akadhani amelewa, na Mungu akamsikia. Kwa hiyo shida haiko kwenye sauti. Shida ni sauti inapotumika kama ukuta. Unaweza kujificha nyuma ya makelele, na unaweza pia kujificha nyuma ya ukimya. Mungu anataka wewe utoke ulikojificha. Tangu bustani ya Edeni swali lake kwa Adamu lilikuwa uko wapi.

Baadaye nilimtembelea yule kukhu. Nikamuuliza, "Kukhu, ulifundishwa na nani kuomba vile?" Akashangaa. Akasema, "Pasta, mimi sijui kuomba. Mimi humwambia tu."

Nimelitafakari neno lile sana. Kiswahili chetu kinatumia neno moja, kuomba, kwa maombi na kwa kuomba chumvi kwa jirani. Basi wengi wetu tumeishia hapo. Tunaenda kwa Mungu na bakuli. Fikiria mtoto ambaye kila akimpigia baba yake simu ni fees tu, ni viatu tu, hajawahi kumwambia baba habari zake. Baba atatuma pesa, kwa sababu anampenda, lakini hawajuani. Kuomba haja si dhambi, Bwana ametuagiza tuombe. Lakini mtu hawezi kuwa karibu na anayemwomba tu. Unakuwa karibu na yule unayemwambia.

UFANYE NINI SASA?

1. Tafuta mahali. Mathayo 6:6 inatuelekeza chumbani, mlango ukiwa umefungwa. Najua wengine mnaishi chumba kimoja, watoto watano, hakuna mlango wa kufunga. Yesu naye alikwenda nyikani, Luka 5:16. Nenda shambani, nenda nyuma ya jiko kabla watu hawajaamka, kaa juu ya boda boda yako kabla ya abiria wa kwanza. Simu iache ndani.

2. Anza na ukweli kabla ya haja. Kama umechoka, mwambie umechoka. Kama una hasira naye, mwambie, Daudi alimwambia na hakuuawa. Kama hujisikii kuomba, hilo liwe ombi lako la kwanza.

3. Nyamaza kidogo, uangalie ni uso wa nani unaokuja. Usiukimbie. Inawezekana si usumbufu wa shetani. Inawezekana ni Roho Mtakatifu anabisha kwenye kile chumba.

4. Soma Neno polepole. Chukua Zaburi ya 139, mistari miwili ya mwisho, ambapo Daudi anamwomba Mungu amchunguze moyo. Usiisome kama mtihani. Isome kama mtu anayefungua mlango.

5. Ukionyeshwa jambo, inuka uende. Mathayo 5:23–24 inasema sadaka inaweza kubaki madhabahuni ikungoje mpaka upatane na ndugu yako.

Neno kwa wewe uliyedhulumiwa. Labda wewe si mwenye kusogeza jiwe, ni jiwe lako lililosogezwa. Labda aliyekuumiza ni mtu wa kukuua ukimrudia. Sikwambii uende mikononi mwake. Mungu hakudai urudi penye hatari ili akupende. Ninachokwambia ni kwamba ule uchungu nao mwambie, kama ulivyo, bila kuupaka asali. Haki yako unaweza kuitafuta kwa wazee au mahakamani, na bado moyo wako ukawa wazi mbele za Baba.

Na kuna asubuhi hutasikia kitu. Mimi pia. Juzi nilikaa dakika ishirini shambani nikasikia mbu tu. Usivunjike moyo. Ndoa haijengwi na siku za harusi, inajengwa na siku za kawaida, watu wawili wakinywa chai. Rudi kesho.

Sasa rudi kwenye lile swali la mwanzo. Ni jambo gani hujawahi kumwambia? Wiki hii nakusihi, asubuhi saba, robo saa tu, wewe na Mungu. Usimpangie maneno. Mwambie tu.

Tuombe.

Baba, tumekuja bila maiki. Wewe unatujua, hata yale tuliyoyafunga kwa ufunguo. Tusamehe kwa maombi mengi tuliyokuimbia ili tusikuambie ukweli. Mkumbuke anayesoma maneno haya sasa, mwenye deni alilokana, mwenye ndugu asiyesalimiana naye, mwenye siri inayomnyima usingizi. Mpe ujasiri wa kulitaja jina lake mbele zako, na miguu ya kwenda penye mpaka. Utufundishe kukaa nawe hata tusipokuwa na la kuomba. Katika jina la Yesu Kristo, amina.

Ubarikiwe, mpendwa. Kama neno hili limekugusa, usikimbilie kuandika amina hapa chini. Kaa nalo kwanza. Na kama kuna mtu unadaiwa simu, mpigie leo.

Mchungaji wenu,
Naitiri